Kikosi cha Ndoto cha Afrika Mashariki Tangu 2000: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kikosi chenyewe ni hiki, kwa mfumo wa 4-4-2. Golini: Denis Onyango. Beki wa kulia Shomari Kapombe, wa kushoto Godfrey Walusimbi, katikati Musa Otieno na Ibrahim Sekagya. Viungo wa kati Victor Wanyama na McDonald Mariga. Winga wa kulia Dennis Oliech, wa kushoto Emmanuel Okwi. Mbele Mbwana Samatta na Michael Olunga.

Benchi: Juma Kaseja, Nadir Haroub "Cannavaro", Mohamed Hussein "Tshabalala", Khalid Aucho, Haruna Niyonzima, Simon Msuva na Saido Berahino.

Nani anaruhusiwa kuingia kwenye kikosi hiki?

Mchezaji yeyote aliyechezea timu ya taifa ya nchi mwanachama wa CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati, na akawa bado uwanjani mwaka 2000 au baadaye. CECAFA ina wanachama kumi na wawili: Tanzania Bara, Zanzibar, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Ethiopia, Eritrea, Sudan, Sudan Kusini, Somalia na Djibouti. Damu peke yake haitoshi, na kuzaliwa peke yake hakutoshi. Jezi ndiyo inayohesabika.

Kwa hiyo Divock Origi na Yussuf Poulsen hawamo?

Hawamo. Origi ni mtoto wa Mike Okoth aliyeichezea Harambee Stars ya Kenya, na baba yake Poulsen alikuwa Mtanzania, lakini mmoja alichagua Ubelgiji na mwingine Denmark. Alexander Isak, ambaye wazazi wake wametoka Eritrea, ni wa Sweden. Tukifungua mlango huo, timu inageuka kuwa ya majina ya ukoo, na hatutajua tusimame wapi.

Na Shabani Nonda? Alizaliwa Bujumbura na akacheza Yanga.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Nonda alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Ufaransa msimu wa 2002/03 akiwa na Monaco, mabao 26, na mwaka uliofuata Monaco ikafika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Ukanda wetu ulimlea kabla Ulaya haijamjua. Lakini timu yake ya taifa ilikuwa DR Kongo. Kongo imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ila katika soka bado iko upande wa Afrika ya Kati. Kanuni ikivunjwa kwa ajili ya mtu mmoja mzuri, wa pili atakuja kesho na hoja nzuri zaidi. Nonda anabaki nje.

Kwa nini 4-4-2? Si mfumo wa zamani?

Niliangalia kwanza nani tunao, mfumo ukafuata. Tangu mwaka 2000 ukanda huu umetoa washambuliaji wa kati wawili waliothibitisha ubora wao nje ya Afrika. Samatta alifunga mabao 23 ya ligi Genk ilipotwaa ubingwa wa Ubelgiji 2018/19. Olunga alifunga 28 katika ligi kuu ya Japani mwaka 2020 akiwa Kashiwa Reysol, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa msimu. Kumweka mmoja wao benchi ili nimpishe kiungo wa tatu ni kujinyima mwenyewe. Vilevile tuna viungo wawili wenye nguvu ya kulibeba dimba la kati bila msaidizi, na mawinga hatujawahi kuwakosa.

Wanaotaka 4-3-3 wananiambia kwamba timu ya kisasa haichezi na washambuliaji wawili. Mimi nawauliza: huyo kiungo wa tatu ni nani, na je, ni bora kuliko Olunga? Mpaka sasa sijapata jibu la kunitosha.

Samatta na Olunga wote ni namba tisa. Hawatagongana?

Watagongana kama wote wawili wataambiwa wasimame kwenye boksi wakisubiri. Kazi zao zinatofautiana. Olunga anawashika mabeki wa kati: ni mrefu, ana mguu mkali wa kushoto, na beki akimwachia nusu hatua anageuka na kupiga. Novemba 2019 aliifunga Kyoto Sanga mabao manane katika mechi moja iliyoisha 13-1, akiwa bado daraja la pili huko Japani. Ukiona mtu amefunga manane katika mechi ya kulipwa, usimrudishe nyuma kutafuta mpira. Mwache karibu na goli.

Samatta ndiye wa kuzunguka. Kabla ya Genk alishajifunza TP Mazembe namna ya kuanzia pembeni na kuingia katikati akiwa kasi, na ni kwa msimu wa 2015 huko Lubumbashi, Mazembe ilipotwaa Ligi ya Mabingwa Afrika, ndipo CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikampa tuzo ya mchezaji bora anayecheza ndani ya Afrika. Katika kikosi hiki anashuka hatua kumi nyuma ya Olunga, anapokea, anagawa, kisha anakimbilia nafasi ambayo Olunga ameifungua. Na krosi ikija, tusisahau kichwa chake: aliifunga Liverpool kwa kichwa pale Anfield mwaka 2019 akiwa Genk, na Manchester City kwa kichwa pale Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi, Machi 2020, akiwa Aston Villa.

Wawili hawa walishakutana wakiwa wapinzani, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) 2019 jijini Cairo. Kenya ilishinda 3-2, Olunga akafunga mawili, Samatta akafunga moja upande wa Taifa Stars. Tangu usiku ule nimekuwa nikiwaza wangefanya nini wakivaa rangi moja.

Kwa nini hakuna namba kumi, yaani kiungo mshambuliaji? Niyonzima amekosa nini?

Hakukosa kitu. Haruna Niyonzima ni fundi, nahodha wa Amavubi, timu ya taifa ya Rwanda, kwa miaka, na mashabiki wa Yanga waliomwita Fabregas hawakumpendelea. Tatizo ni hesabu. Ukimwingiza namba kumi kwenye kikosi hiki, lazima umtoe Olunga au mmoja wa viungo wawili. Ukimtoa Mariga, Wanyama anabaki peke yake mbele ya mabeki, na Niyonzima hakuumbwa kukimbizana na kiungo wa timu pinzani dakika tisini.

Kwa hiyo yeye ni silaha ya dakika ya sabini. Wapinzani wamechoka, nafasi kati ya mistari zimefunguka, na tunahitaji mtu wa kuukalisha mpira chini. Hapo ndipo pasi yake ya mwisho ina thamani kubwa kuliko mbio za mtu yeyote.

Wanyama na Mariga wanagawanaje kazi?

Huu ndio moyo wa timu. Ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, watoto wa Noah Wanyama aliyeichezea AFC Leopards, na kila mmoja alifungua mlango wake: Mariga alikuwa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa Ulaya, akiwa na Inter Milan msimu ule wa 2009/10 ambao José Mourinho alibeba mataji matatu, Wanyama alikuwa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, Southampton kisha Tottenham.

Wanyama ni namba sita. Anakaa mbele ya mabeki, anavunja mashambulizi, anachukua mipira ya pili. Timu ikiwa na mpira anashuka karibu na Sekagya ili Walusimbi apande bila woga. Mariga ni namba nane wa kupanda na kushuka: anakaba mstari wa juu zaidi, na mpira ukiwa upande wa kushoto yeye ndiye anayeingia boksi kwa kuchelewa, wakati mabeki wamekwisha kuwashika Samatta na Olunga.

Sharti ni moja tu. Hawapandi wote wawili kwa wakati mmoja. Wanyama ana shuti, kila aliyeliona bao lake la Anfield Februari 2018 analijua, na kishawishi cha kusogea mbele kitakuwepo. Asogee pale tu Mariga akiwa amebaki.

Kikosi kinashambulia vipi?

Pande mbili hazifanani, na nimekusudia hivyo.

Kulia, Oliech anabaki pembeni kabisa, chaki iguse kiatu. Auxerre walimtumia mara nyingi upande huo, na akiwa nao alicheza makundi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya 2010/11 dhidi ya Real Madrid, Milan na Ajax. Ana kasi, ana mwili, na hana haja ya msaada wa beki kumpita mtu. Kwa hiyo Kapombe hapandi ovyo. Yeye anajibana ndani kidogo akawa kama beki wa tatu wa kati, akisubiri mpira unaorudi.

Kushoto ni kinyume chake. Okwi anaingia ndani, karibu na Samatta, kwa sababu ukali wake uko karibu na boksi: alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu Tanzania Bara 2017/18 kwa mabao 20 akiwa Simba, akaifungia Uganda mara mbili katika AFCON 2019. Anapoingia ndani, njia yote ya pembeni inakuwa ya Walusimbi kumwaga majalo. Ukihesabu, tunashambulia na watu watano: Oliech, Olunga, Samatta, Okwi, Walusimbi. Mariga anakuja wa sita akichelewa. Nyuma wanabaki Kapombe, Otieno, Sekagya na Wanyama.

Mchezo unaanzia kwa Onyango. Mamelodi Sundowns aliyocheza nayo na kutwaa ubingwa wa Afrika 2016 ilianza mashambulizi kutoka nyuma, hivyo mpira mguuni haumtishi.

Na bila mpira?

Mistari miwili ya watu wanne, iliyokaribiana. Hatukabi juu kabisa muda wote. Tunapiga presha pale kipa wao anapompa mpira beki wa kati asiyejiamini, au pasi ikipigwa nyuma. Olunga anamfuata beki kwa kumkata njia ya upande wetu wa kushoto, ili mpira uelekee kulia kwetu, walipo Oliech, Kapombe na Mariga. Sababu ni kwamba nafasi iliyo nyuma ya Walusimbi ndiyo kidonda chetu. Hakuna timu isiyo na kidonda, ila unaweza kuchagua mpinzani aukute ukiwa umefunikwa.

Mpira ukipotea wakati Walusimbi yuko juu, Wanyama anateleza kushoto, Sekagya anasogea pembeni, Kapombe anaingia katikati. Okwi hahitaji kurudi mpaka kwenye kibendera cha kona. Anahitaji tu kumchelewesha mwenye mpira kwa sekunde tatu.

Kwa nini Sekagya na Otieno, si Cannavaro au Kelvin Yondani?

Sekagya alikuwa nahodha wa Cranes, timu ya taifa ya Uganda, akatoka Argentina kwenda Red Bull Salzburg, kisha New York. Beki anayeaminiwa katika mabara matatu tofauti kwa miaka hiyo yote hana cha kuthibitisha. Musa Otieno alikaa muda mrefu Santos ya Cape Town, waliokuwa mabingwa wa Afrika Kusini 2001/02, na alikuwa nahodha wa Kenya katika AFCON 2004 kule Tunisia, ambako Harambee Stars ilipata ushindi wake wa kwanza kabisa wa michuano hiyo, 3-0 dhidi ya Burkina Faso. Mmoja anasoma mchezo, mwingine anaingia kwenye vita vya hewani. Cannavaro namweka wa tatu bila wasiwasi, na mechi ya mipira mirefu naweza kuanza naye.

Onyango ni bora kweli kuliko Kaseja?

Kwa mechi moja ya matuta, ningefikiri mara mbili. Mwaka 2003 Simba iliwatoa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti pale Misri, na Kaseja ndiye aliyekuwa golini. Waliokuwa hai usiku ule Dar es Salaam hawahitaji kusimuliwa.

Lakini kwa msimu mzima namchukua Onyango. CAF ilimtangaza mchezaji bora anayecheza ndani ya Afrika kwa mwaka 2016, tuzo ambayo mara chache inakwenda kwa kipa. Yeye na wenzake ndio walioirudisha Uganda AFCON mwaka 2017 baada ya miaka 39. Na 2019, katika mechi ya mtoano waliyofungwa 1-0 na Senegal, alidaka penalti ya Sadio Mané. Hapo hapo jibu la suala la penalti linapatikana pia.

Mbona Watanzania wawili tu kwenye kumi na moja?

Barua nyingi ni za swali hili, na hasira ninaielewa. Kikosi kina Wakenya watano, Waganda wanne, Watanzania wawili. Ukihesabu na benchi, Watanzania wanakuwa sita kati ya kumi na wanane, yaani zaidi ya nchi yoyote.

Sababu iko wazi. Kwa miaka mingi ligi ya Tanzania ililipa vizuri kuliko ligi za majirani, Simba na Yanga zikawa na mashabiki wa kujaza uwanja, na mchezaji mzuri hakuwa na haraka ya kuondoka. Wakenya na Waganda walitoka mapema: Helsingborg, Parma, Nantes, Glasgow, Pretoria. Waliotoka walipimwa kila wiki na washambuliaji na mabeki wakubwa. Kapombe aliwahi kupita Cannes ya Ufaransa, Msuva akaenda Morocco akacheza Difaâ El Jadida na Wydad, lakini kundi lao ni dogo. Nikichagua kwa moyo ningeweka Watanzania saba. Nimechagua kwa walichofanya.

Anayekaribia zaidi kuingia ni Msuva. Amefunga AFCON 2019 na akafunga tena AFCON ya 2023 dhidi ya Zambia. Siku Oliech akiwa amechoka, Msuva anaanza, na timu haipungui kasi.

Ethiopia na Sudan ndizo pekee za ukanda huu zilizotwaa Kombe la Afrika. Kwa nini hazimo?

Ni kweli: Ethiopia 1962, Sudan 1970. Kama kikosi kingekuwa cha nyakati zote, Mengistu Worku angekuwa wa kwanza kuandikwa, na Luciano Vassalo, nahodha aliyelipokea kombe lile Addis Ababa huku mdogo wake Italo akiwa naye kikosini, angegombea kitambaa. Mpaka wa mwaka 2000 ndio uliowafungia nje. Baada ya hapo, Saladin Said wa Ethiopia, waliorudi AFCON 2013 baada ya miaka 31, na Haitham Mustafa wa Al Hilal ya Omdurman walijadiliwa kwa uzito. Haitham alishindwa na sababu ile ile ya Niyonzima.

Kwa nini usichague wa nyakati zote basi? Kina Kadenge, Kibadeni, Sunday Manara?

Kwa sababu ya heshima kwao. Hatuna picha za kutosha za kuwapima kimbinu. Joe Kadenge tunamjua kwa sauti ya redio, "Kadenge na mpira". Abdallah Kibadeni tunamjua kwa mabao matatu ya siku Simba ilipoifunga Yanga 6-0 mwaka 1977. Sunday Manara, Kompyuta, tunajua alifika Heracles ya Uholanzi wakati ambapo hakuna Mtanzania aliyekuwa amecheza Ulaya. Philip Omondi aliibeba Uganda mpaka fainali ya 1978 akawa miongoni mwa wafungaji bora wa michuano. Leodegar Tenga aliiongoza Taifa Stars Lagos 1980. Naweza kusimulia walichofanya, ila siwezi kukuambia kwa uhakika Omondi alikabaje mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja. Kikosi chao kinastahili ukurasa wake, chenye mashahidi waliowaona.

Tukikutana na kikosi cha ndoto cha Afrika Magharibi?

Drogba na Weah mbele, Yaya Touré na Essien nyuma yao. Hapo 4-4-2 inaniweka mashakani, kwa sababu Yaya akianza kukimbia na mpira, viungo wawili hawatoshi. Namtoa Okwi, namwingiza Aucho, tunakuwa 4-3-3: Wanyama katikati nyuma, Aucho kushoto, Mariga kulia. Samatta anahamia winga ya kushoto, kazi anayoijua, na Olunga anabaki peke yake katikati. Aucho alikuwa mhimili wa Yanga iliyofika fainali ya Kombe la Shirikisho 2023, na nidhamu yake ya kukaa mahali ndiyo ninayoihitaji siku hiyo. Tutacheza kwa kushtukiza, mipira mirefu nyuma ya mabeki wao. Naona sare ya 1-1 kuliko kipigo.

Nahodha, penalti na kona?

Nahodha Wanyama, msaidizi Sekagya. Penalti Samatta, asipokuwepo Olunga. Kona zote zipigwe kati ya eneo la kipa na alama ya penalti: Wanyama anaanza mbali na kukimbilia mpira, kama alivyofanya Celtic ilipoifunga Barcelona 2-1 Novemba 2012.

Meddie Kagere je? Alikuwa mfungaji bora Tanzania mara mbili mfululizo.

Mabao 23 msimu wa 2018/19 na 22 uliofuata, ndiyo. Yeye ndiye wa kumi na tisa. Berahino alimpita kwa sababu anaweza kucheza nafasi tatu za mbele, na mabao 14 ya Ligi Kuu ya England katika msimu mmoja, 2014/15, ni kazi ambayo wachache kutoka kwetu wameifanya, ingawa wakati huo alikuwa bado hajaanza kuichezea Burundi.

Kocha ni nani?

Jacob "Ghost" Mulee. Aliifikisha Kenya AFCON 2004, anawajua Oliech na Otieno tangu wakati huo, na kikosi hiki kinamhitaji mtu wa kuzungumza na wachezaji kwa lugha yao.

Kikosi kinaweza kubadilika?

Kinapitiwa kila baada ya AFCON. Ya 2027 inachezwa Kenya, Tanzania na Uganda, na Feisal Salum ndiye ninayemtazama kwanza. Akitamba pale nyumbani kama namba kumi, itabidi nijibu upya lile swali la Niyonzima, na huenda Olunga akalala benchi.